Chewa Aliyekuja Bila Neno

Kama hujawahi kula samaki wa tui wa Vara, basi Savusavu, mji wetu huu wa visiwani, umepita tu, hujafika. Nasema hivi na mimi si mpishi wa kumsifia mpishi mwenzangu ovyo. Meza yangu ya muhogo, ndimu na pilipili imepakana na yake sokoni tangu watoto wetu tukiwabeba mgongoni, na miaka yote hiyo harufu ya sufuria yake imekuwa ikinitesa kila Ijumaa kabla sijapanga hata ndimu zangu. Jina lake la kanisani ni Varanisese, ila ukiliita hilo hapa sokoni hakuna atakayegeuka. Ni mjane, mfupi, mwenye macho ya kukagua. Akikupa mkono kukusalimia, ujue anatazama kucha zako.

Maana usafi kwa Vara ni dini ya pili. Sufuria huzisugua kwa mchanga na majivu mpaka unajiona uso. Meza anaiosha kwa maji ya moto, kisha akimaliza ananigeukia mimi.

"Alumita, hicho kitambaa unachofutia muhogo si ndicho ulichofutia pua jana?"

"Vara, niache."

"Nikikuacha wateja wako watakufa."

Haniachi, na ndiyo maana watu wanakula kwake: wapakiaji wa bandarini, walimu, watu wa benki, mpaka wazungu wa kwenye mashua. Wanajua wakila kwake watalala salama.

Samaki wake wote huvuliwa na kaka yake, Kaminieli, kaka wa baba mmoja mama mmoja. Na hao wawili hawasemezani. Usinielewe vibaya, hawana ugomvi wowote. Ni kaka na dada tu, na kwetu kaka na dada wakishakuwa wakubwa hawazungumzi ana kwa ana, hawakai mkeka mmoja. Kaka akiingia mlango huu, dada anatokea ule. Ni heshima, na Kaminieli na Vara ni watu wa heshima kupita kiasi, wa mtindo wa zamani. Wengine siku hizi wanapunguza. Hao hawapunguzi hata chumvi.

Kwa hiyo neno lolote kati yao lilikuwa likipita kwa Sereima, mke wa Kaminieli. Kila Ijumaa alfajiri Sereima huja na boksi la barafu, analitua, anasema, "Wifi, hawa wa mwamba wa ndani, mbele ya mto." Hapo ndipo Vara anashika kisu. Bila neno hilo hashiki. Bahari yetu ina tabia hiyo: samaki yule yule, mwamba huu ni kitoweo, mwamba ule ni sumu. Na tangu kimbunga kipige mwamba wa nje na kuyavunja matumbawe, samaki mkubwa wa kule alikuwa haaminiki.

Ijumaa ninayotaka kuisimulia, Sereima alikuwa msibani kijijini kwao, wa kurudi na basi la mchana. Kaminieli akabeba boksi mwenyewe. Alilitua kwenye ngazi za nyumba ya Vara, akakohoa mara moja ili ajulikane amefika, akaenda zake. Vara alipofungua akakuta changu wadogo wale wa siku zote, na juu yao chewa mmoja mkubwa, jitu zima, kichwa chake peke yake kinajaza sufuria. Changu hawakumsumbua, wale wa mbele ya mto mtu anawajua kwa udogo na rangi yao. Chewa ndiye aliyemkaa rohoni.

"Sasa huyu katoka wapi?" akaniuliza tulipokutana sokoni.

"Mimi nitajuaje? Kamuulize aliyemleta."

Akanitazama kama nimetukana. Kumuuliza hawezi. Kumrudishia kaka yako samaki ni kumvunjia heshima, kumtupa ni kubaya zaidi, na kumuuza bila kujua alikotoka, Vara angekatwa mkono kwanza. Kwa hiyo kiwiliwili alikiacha kwenye barafu. Kichwa, kisije kikaharibika, alikipika kwa tui kwenye sufuria ndogo, akakifunika kwa jani la mgomba, akakisukuma chini ya meza nyuma ya vikapu vyangu. Sereima akishuka kwenye basi atasema, ndipo ijulikane kama ni chakula au ni cha kufukiwa.

"Si uwape paka?" nikamwambia.

"Paka wa soko hili wanakula hata sabuni. Hao hawamfundishi mtu kitu."

Basi hapo ndipo akaingia Nemani.

Nemani anaendesha lori la kopra, nazi kavu za kukamulia mafuta. Ni pande la mtu, kicheko chake kinatangulia kufika kabla yake. Watu wa kwao na watu wa kina Vara ni watani tangu mababu, na utani sihitaji kumfundisha mtu: mtani atakutukana mbele ya mchungaji, atachukua kuku wako akienda zake, na wewe ukinuna ndiye utakayeonekana mshamba. Tangu nimjue Nemani sijamwona akilipia sahani ya Vara hata siku moja.

"Mtani," alisema akifika, "bado tu unauza maji ya kuoshea samaki?"

"Bado," Vara akajibu. "Nakungojea wewe uje uyaogee."

Watu wakacheka. Vara akachukua ndoo kwenda bombani, na Nemani akabaki anazungukazunguka meza, pua juu. Akainama. Akasogeza vikapu vyangu, vikapu vyangu mimi, wala hakuomba ruhusa, akainua jani la mgomba.

"Mtani, hicho acha," nikamwambia. "Hicho si cha kuuza."

"Ndiyo maana nakitaka. Vya kuuza ni vya wateja."

"Nakwambia hakijulikani."

"Kitajulikana sasa hivi."

Akaketi juu ya kreti na kukila kichwa chote. Mashavu, ulimi, ngozi, akafyonza mifupa mmoja mmoja, tui akalinywea mdomoni mwa sufuria. Mimi nilisema, na mashahidi ninao. Vara aliporudi na ndoo yake, sufuria ilikuwa tupu na Nemani anachokoa meno. Nilimwona Vara rangi ikimtoka.

"Umekila?"

"Mpaka macho. Nisingeacha shahidi."

"Nemani, mimi sijui huyo samaki katoka wapi."

"Katoka kwenye sufuria," alisema, akacheka, akajinyanyua. Na akiondoka akachukua mwavuli wa Vara uliokuwa umeegemezwa mezani, kwa sababu tu ulikuwepo.

Basi la mchana likafika. Sereima hata mzigo hakuutua, tulimdaka pale pale. Aliposikia neno chewa akashika mdomo.

"Jamani. Mume wangu aliniambia anakwenda mwamba wa nje, anasema umeshapona. Akaniambia akipata mkubwa nimwambie wifi amwangalie kwanza, aamue mwenyewe. Mimi nikaitwa msibani."

Hivyo neno lilikuwepo. Lilipanda basi likaenda msibani.

Nemani alikuwa ameshaondoka na lori lake, kwa hiyo habari zake tulizipata kesho yake kwa mkewe. Lilianza tumbo, juu na chini, akadhani ni la kawaida. Kisha midomo ikaanza kumchonyota, na vidole. Akaomba maji ya kunywa, mkewe akampa ya kwenye jokofu, akayatema ukutani akamwambia mkewe ana wazimu, kwa nini anampa maji ya moto. Kila kitu cha baridi kilimuunguza. Alikanyaga sakafu akaruka kama amekanyaga makaa. Mkewe alidhani amelewa, mpaka alipoona mwanamume mzima analia kwa kuwashwa, ndipo akatafuta gari la kumpeleka hospitali.

Soko nalo, unalijua soko. Hata jua halijawa kali, tayari mmoja anasema tui lilikuwa la juzi, mwingine ameona inzi, mwingine anaapa Vara alikuwa na kidonda kidoleni. Wote hao walikuwa wamekula changu wake siku ile ile na wamekuja sokoni kwa miguu yao. Nilitaka kuwarushia muhogo. Vara aliacha hata kusugua sufuria. Alikaa akitazama mikono yake, akaigeuza, akaitazama tena. Neno uchafu lilikuwa limemwingia, na aliumia kuliko alivyoumia siku alipofiwa na mumewe, hayo aliniambia mwenyewe.

Tukaenda hospitali mimi na yeye. Nemani alikuwa amelala, dripu mkononi, anajikuna.

"Mtani," akasema kwa sauti ndogo, "umeniweza."

Vara akashindwa kumrudishia. Akaanza kulia. Nesi, binti mmoja mpole, akatuvutia viti.

"Mama, usilie. Hii si sumu ya jikoni," akasema. "Kuna kijimea kidogo mno kinachoota juu ya matumbawe yaliyokufa, ndicho chenye sumu. Samaki wadogo wanakila, wakubwa wanawala wadogo, na sumu haitoki mwilini, inazidi kujikusanya. Chewa mzee namna ile amekuwa akiwala wadogo maisha yake yote. Na inakaa zaidi kichwani na kwenye ini."

"Hata nikimchemsha?" Vara akauliza.

"Umchemshe mpaka kesho. Umgandishe. Haifi. Haina harufu wala ladha."

"Ladha ilikuwepo," Nemani akasema. "Kilikuwa kitamu sana."

"Kwa hiyo si uchafu," Vara akasema.

"Si uchafu, mama. Hata ungempika hapa hospitalini, kwa vyombo vyetu, angeumwa vile vile."

Vara akafuta machozi. "Hebu sema tena, mwanangu. Kwa sauti kidogo." Na nesi, Mungu ambariki, akageukia wodi nzima akasema tena, na wagonjwa wakaitikia kwa vichwa. Kisha akamgeukia Nemani: samaki marufuku, pombe marufuku, mpaka yeye mwenyewe amruhusu, maana akionja kabla ya wakati yote yatarudi upya. Nemani aliyapokea hayo kwa huzuni kuliko alivyoyapokea maumivu.

Lakini wodi si soko. Bwana Jagdish, msimamizi wetu, alimjia Vara akiwa ameshika kofia mkononi, kumbe hata yeye aliona haya.

"Mama Vara, si mimi, ni watu. Usipike samaki kwanza. Maliza na Nemani. Siku atakapokuja kuniambia kwa kinywa chake kwamba yamekwisha, unarudi siku hiyo hiyo."

"Na yasipokwisha?"

"Meza wanaitaka wengi, mama," akasema, akavaa kofia yake.

Basi Vara akaigeuza sufuria kubwa kifudifudi juu ya meza, akaanza kuuza majani ya magimbi. Nani anunue majani ya magimbi kwa mtu aliyekuwa akimuuzia samaki wa tui?

Ndipo akatokea Rupeni. Huyu ni mkwe wa Nemani, karani wa wakili kule Suva, mji mkuu, kijana wa viatu vinavyong'aa. Alikuja mezani kwetu moja kwa moja kuuliza habari za fidia, nami nikajiandaa kumchukia.

"Mama, shikamoo. Baba mkwe aliuziwa chakula kile?"

"Aliiba," nikasema.

"Alichukua," Vara akasema.

"Alilipa chochote?"

Nilicheka mpaka pilipili zikamwagika. Rupeni naye akatabasamu, akavuta kreti, ile ile aliyokalia Nemani.

"Nisikilizeni. Mtu kudai fidia ya chakula si kusema tu nimeumwa. Anatakiwa aonyeshe aliuziwa, au alipewa. Aonyeshe kilichomdhuru ni hicho, si kingine alichokula njiani. Na aonyeshe mpishi alizembea, yaani alijua kuna hatari au alipaswa kujua. Daktari ameshaandika ugonjwa ni wa samaki. Mabaki ya samaki mwenyewe yako wapi?"

"Tumboni mwa baba mkwe wako," nikasema.

"Kiwiliwili ninacho," Vara akasema.

Nilimfinya. Nilimfinya kweli kweli, pajani, chini ya meza. Hakunijali. Akainama, akafungua boksi la barafu, akamtoa chewa amefungwa kwenye nailoni. Alikuwa amemtunza siku zote hizo.

"Mpeleke akapimwe," akasema. "Ana sumu, nina hakika. Na mimi nilikuwa na shaka naye tangu asubuhi. Nilipaswa kukiacha kile kichwa nyumbani, nisikilete mahali penye watu."

Rupeni akamtazama chewa, akamtazama Vara, akafunga kalamu yake.

"Mama," akasema pole pole, "maneno hayo usimwambie mtu mwingine yeyote anayetoka kwa wakili."

"Ndiyo kweli yenyewe."

"Najua. Ndiyo maana nakwambia."

Pale chuki yangu ikaniishia, nikampa ndimu. Lakini alisema wazi kwamba mzee amekosa kazi, lori limesimama, na familia inataka kitu. Na Vara akasema ana haki ya kutaka, naye atakwenda kuomba radhi kama watu wanavyoombana.

Nemani aliporuhusiwa kurudi nyumbani, tukaenda. Kaminieli mbele na mzizi mkubwa wa yangona, ule tunaousaga tukaunywa kwenye shughuli za heshima, umefungwa vizuri kwa utepe, Vara nyuma kabisa na mimi na Sereima. Vara alikuwa amebeba pia mkeka wake bora, ule aliokuwa anautunzia harusi ya bintiye. Ndani wanaume walikaa mbele, sisi mlangoni. Kaminieli akauweka mzizi chini, akainamisha kichwa, macho kwenye mkeka.

"Samaki alikuwa wangu," akasema. "Nilimtoa mwamba wa nje. Sikusema. Tumekuja kuomba radhi."

Nemani alikuwa amepungua, mashavu yamemshuka. Akautazama mzizi.

"Mmeniletea kinywaji, na mimi sasa naogopa hata chai," akasema. "Hata radhi yenu ina utani." Akaugusa, akaupokea, na watu wakapiga makofi ya heshima.

Rupeni akakohoa. "Sasa, kuhusu fidia..."

"Fidia naitaja mimi," Nemani akasema. "Aliyewashwa ni mimi. Ule mkeka Vara arudi nao, bintiye aolewe. Pesa ya mtani mimi siombi kwa wakili. Nikiitaka nitaichukua chini ya meza kama kawaida yangu." Akamgeukia Kaminieli, na nikaona utani umemtoka usoni. "Wewe ndiye nakudai. Kuanzia sasa, kila utakapompelekea dada yako samaki, umwambie kwa mdomo wako wametoka wapi. Wewe mwenyewe. Si Sereima. Maana Sereima ana misiba, na mimi nina tumbo. Mpaka siku nitakapolisikia neno hilo kwa masikio yangu, kwa Jagdish siendi."

Mtu mwingine yeyote angetamka hayo, ingekuwa vita nyingine, na jino la nyangumi, ambalo kwetu ni ombi la radhi zito kuliko yangona, lingetafutwa la kuyafuta maneno yake. Mtani peke yake ndiye anaweza kusema jambo kama hilo akabaki ameketi. Masikio ya Kaminieli yaliiva. Akasema bila kuinua macho, "Tumesikia." Kusikia si kukubali, sote pale tulijua.

Njiani Vara alikuwa na hasira.

"Bora angetaka pesa. Bora angetaka nyumba yangu."

"Vara, kinachotakiwa ni sentensi moja."

"Siwezi kumfanya kaka yangu adhalilike kwa ajili ya meza."

"Heshima gani hii inayolaza watu hospitali?" Nilikuwa nimechoka naye.

"Usiseme hivyo, Alumita. Tangu nivunje ungo yule mtu hajawahi kunikosea kwa neno."

"Hajawahi kukupa hilo neno lenyewe."

Akaharakisha hatua mpaka tukafika kwenye daraja. Kisha akaanza kucheka kidogo, kile kicheko cha karibu na kilio.

"Unajua neno la mwisho aliloniambia? Tulikuwa shambani, mama ametuchomea muhogo. Yeye akaenda mtoni. Akaniambia, 'Usiumalize wote.' Aliporudi mama alikuwa ameshatutenganisha, ameniambia sasa wewe ni mkubwa. Basi. Hilo ndilo la mwisho."

Nikamshika mkono, tukavuka.

Ijumaa zikapita. Sufuria kifudifudi. Sereima alileta boksi na neno kama zamani, Vara akawagawia majirani samaki wale, maana kupika samaki sokoni amekatazwa. Kaminieli akawa haonekani hata kanisani kwenye viti vya mbele. Nami nikaanza kusikia watu wakimuuliza Jagdish habari za ile meza.

Aliyetushangaza ni Nemani. Kila Ijumaa alikuja, akakaa kwenye kreti yake, akaagiza majani ya magimbi.

"Mimi mbuzi?" analalamika, mdomo umejaa.

"Mbuzi hulipa," Vara anamjibu.

Na kila aliyesimama kumuuliza kama huyu ndiye aliyempa sumu, alimtolea maelezo ya nesi yote, kijimea, matumbawe, wadogo na wakubwa, mpaka ini. "Hakunipa," alikuwa akimalizia. "Alinificha. Nilijipa mwenyewe." Watu wakaanza kununua majani ya magimbi, mmoja mmoja. Lakini kwa Jagdish hakwenda. Alikuwa amesema lake. Hata nesi alipomwambia sasa ajaribu samaki mdogo, kidogo kidogo, alikataa kula nyumbani kwake. Akasema anangoja.

Kisha ikaja Ijumaa moja, soko limejaa, wanunuzi wa Jumapili wote wako humo. Nikaona watu wanapisha njia. Alikuwa Kaminieli, boksi begani, amevaa shati la kanisani. Katika maisha yangu sijawahi kumwona ndani ya soko. Vara alipomwona akanyanyuka kutoka, kama inavyotakiwa, ameshashika kikapu. Nikamkamata sketi.

"Kaa."

"Alumita, niachie."

"Kaa, nakwambia."

Kaminieli akalitua boksi mezani, kando ya ile sufuria. Akalitazama boksi. Akakohoa mara moja. Sokoni kote ulikuwa unasikia kuku tu.

"Dada," akasema, na jasho linamtoka. "Hawa ni changu. Wa mwamba wa ndani, mbele ya mto. Nimewavua leo alfajiri. Wa nje hayumo."

Vara alikuwa ametazama mikono yake.

"Nimesikia, kaka," akasema.

Kaminieli akageuka akatembea haraka mpaka kwenye nguzo ya lango, akasimama hapo ametupa mgongo, kama mtu aliyetoka kubeba gunia. Nemani akajifuta uso kwa kiganja.

"Haya, geuza hiyo sufuria," akasema. "Mimi na majani basi."

Vara akapika. Sijui kama amewahi kukuna nazi vizuri kuliko siku ile. Watu hawakuondoka, walijifanya wananunua ndimu zangu, na wakanunua kweli. Sahani ya kwanza akampa Nemani, kichangu kimoja kidogo. Nemani akakitazama. Akakigeuza upande huu na ule, na hakuna aliyemcheka. Akala. Akatafuna pole pole mpaka akamaliza, kisha akaomba maji ya baridi. Nikampa kikombe kutoka kwenye barafu. Sumu ile haijulikani papo kwa papo, sote tulijua, lakini tulimtazama koo lake likipanda na kushuka.

"Ya baridi," akasema. Akamtafuta msimamizi kwa macho. "Jagdish, yamekwisha. Na mtani, ongeza kingine."

Wakapanga foleni, wale wale wa kidonda kidoleni na inzi. Vara aliwapakulia wote, hakumnunia hata mmoja, mimi ningewanunia. Katikati ya pilika zile akachukua sahani, akaweka samaki wawili, na pembeni kipande cha muhogo kikubwa kuliko vyote vilivyokuwa mezani kwangu. Akanipa.

"Mpelekee kaka pale langoni. Mwambie..."

Akaichukua tena sahani mkononi mwangu, akaivua aproni yake, akaenda mwenyewe. Kaminieli aliposikia nyayo akageuka, akashusha macho. Vara akamnyooshea sahani kwa mikono miwili.

"Muhogo wako huu hapa, kaka," akasema. "Sikuumaliza."